Chumvi Inayobaki Kwenye Viungio

Foili, yaani yale mabawa ya chini ya maji yanayouinua ubao na mpandaji wake juu ya maji, huanza kuharibika mahali usipopaona. Bawa la mbele likikwaruzwa na mwamba utauona mkwaruzo siku hiyo hiyo, na ubao ukipasuka utasikia maji yakicheza ndani yake. Lakini pale skrubu inapozama ndani ya fuselaji, kile kipande kinachobeba mabawa, kwenye giza la tundu dogo ambamo metali mbili zimebanana na tone la maji ya bahari limenaswa katikati yake, uharibifu huendelea bila kelele. Unakuja kuujua siku unayotaka kufungua na ufunguo unagoma.

Nimepanda foili kwa miaka, na kwa kuwa napenda kazi za spana, wenzangu wamezoea kuniletea zao zikikataa kufunguka. Zimepita mikononi mwangu za tiara, za mawimbi, za kuvutwa na boti na zile zenye injini ya umeme. Karibu zote zimenionyesha jambo moja. Bahari haikuziharibu zilipokuwa zikipaa juu ya maji. Ziliharibika zikiwa nchi kavu, zimelazwa ndani ya mfuko, mwenyewe akiamini zimepumzika.

Kwa asiyeijua, foili ina mlingoti unaoshuka chini ya ubao, na mwisho wa mlingoti kuna fuselaji, kipande kirefu chembamba kinachobeba bawa la mbele na bawa dogo la nyuma. Mabawa mengi siku hizi ni ya nyuzi za kaboni. Mlingoti na fuselaji huwa vya kaboni au vya alumini, na alumini inayotumika sana ni ile ya daraja la 6061, iliyochanganywa na magnesi na silikoni kidogo. Skrubu zinazoviunganisha, kwa kawaida za M6 na M8, yaani zenye unene wa milimita 6 na 8, ni za stenlesi au titani. Juu kabisa, bamba la mlingoti hukazwa kwenye nati zinazoteleza ndani ya mifereji ya ubao, na nati hizo mara nyingi ni za shaba ya manjano. Hesabu mwenyewe: ndani ya chombo kimoja kisichofika hata urefu wa mtu kuna alumini, stenlesi, shaba, kaboni, pengine na titani, na vyote vinalowa pamoja kwenye maji yenye takribani gramu 35 za chumvi kwa kila kilo. Hiyo ni betri kamili. Imekosa taa tu ya kuwasha.

Nasema betri kwa maana yake halisi. Kila metali ina kiasi chake cha utayari wa kuachia elektroni. Ukizipanga kwa jinsi zinavyotenda ndani ya maji ya bahari, magnesi na zinki zinakaa upande wa zinazoachia kwa urahisi, alumini inafuata, kisha chuma cha kawaida, kisha shaba na jamaa zake, halafu stenlesi, titani, na mwisho kabisa grafiti, yaani kaboni. Zikigusana mbili zilizo mbali katika mpango huo, na maji ya chumvi yakizizunguka, mkondo mdogo wa umeme unaanza kupita, na ile iliyo upande wa kuachia ndiyo inayoliwa. Katika foili anayeliwa karibu kila mara ni alumini. Ndiyo maana unaweza kuchomoa skrubu ya stenlesi inayong'aa kama jana ilitoka dukani, ukachungulia tundu lake ukakuta unga mweupe na meno yaliyolika.

Kaboni ndiyo inayowachanganya watu wengi. Wanaiona kama plastiki, kwa hiyo hawaihesabu miongoni mwa metali. Nyuzi za kaboni hupitisha umeme, na kwa alumini ni jirani mbaya kuliko hata stenlesi. Mlingoti wa kaboni uliokaa juu ya fuselaji ya alumini una eneo kubwa la kugusana, na ukubwa wa eneo una uzito wake katika jambo hili. Skrubu ndogo ya stenlesi ndani ya pande kubwa la alumini hula taratibu, kwa sababu mzigo unasambaa kwenye eneo kubwa la alumini. Geuza hali hiyo, weka pande kubwa la kaboni na sehemu ndogo tu ya alumini iliyo wazi, na ulaji wote unakusanyika pale padogo. Hapo ndipo ninapoona vishimo vinavyochimba kwenda chini kabisa.

Na sehemu ndogo ya alumini iliyo wazi hupatikana kwa urahisi sana. Alumini ya foili hutoka kiwandani ikiwa imefanyiwa anodaizi, yaani imekuzwa utando mgumu wa oksidi ambao haupitishi umeme. Utando huo ukiwa mzima ni ngao nzuri mno. Unakwaruzwa na chembe za mchanga zilizobanwa kwenye kiungio, na pembe za vipande zikigongana ndani ya mfuko, na kiungio kilicholegea kinachocheza kila unapopiga kona. Mkwaruzo mmoja mwembamba kwenye alumini inayogusana na kaboni naupa uzito kuliko bawa lililochunwa vibaya mbele, maana bawa lililochunwa litabaki hivyo hivyo, ila ule mkwaruzo unaendelea kufanya kazi usiku na mchana.

Haya yalijulikana kabla ya kuwepo foili yoyote. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliifunika sehemu ya chini ya meli yake HMS Alarm kwa mabamba ya shaba ili kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Meli ikapelekwa bahari ya Karibi, na iliporudi ikakaguliwa mwaka 1763, misumari ya chuma iliyoshika yale mabamba ilikutwa imeliwa vibaya. Lakini siyo yote. Palipokuwa na karatasi ya kahawia, ile ambayo mabamba yalifungiwa na ikasahaulika chini yake, msumari ulikuwa haujagusana na shaba moja kwa moja, nao ulibaki mzima. Nilipoisoma habari hiyo nilielewa kwa nini tunahangaika kupaka skrubu. Karatasi ile haikuwa na dawa yoyote ndani yake. Ilitenganisha tu metali mbili. Mwaka 1824 mwanakemia Humphry Davy aliueleza mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi mjini London, ule upande wa pili wa jambo hilo hilo, kwamba ukiunganisha shaba na kipande cha zinki au chuma, kipande hicho kitaliwa badala ya shaba. Vipande vya zinki vinavyofungwa chini ya boti hadi leo vimetoka huko.

Nimeulizwa mara nyingi kama foili nayo inahitaji kipande cha zinki. Boti hulala majini miezi mfululizo, kwa hiyo zinki inapata nafasi ya kuilinda. Foili inakaa majini saa chache, kisha inatolewa. Zinki ikiwa nje ya maji haina njia ya kukilinda kiungio kilichofungwa na chenye unyevu wake wa ndani. Kwa foili ninayoifungua kila siku sioni faida yake. Nguvu zangu naziweka kwenye kutenganisha, kusuuza na kukausha.

Nirudi kwenye mfuko, maana hapo ndipo penye jibu la wengi wanaoniambia, “Mbona nimeikausha kwa taulo?” Chumvi haikauki kirahisi. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani na kuyeyuka yenyewe unyevunyevu wa hewa ukifika takribani asilimia 75. Maji ya bahari yana pia kloridi ya magnesi, na hiyo huanza kunyonya kwenye asilimia 33 tu, kiwango ambacho hewa ya pwani haishuki chini yake kirahisi. Kwa hiyo kiungio chenye mabaki ya chumvi hujiloweka chenyewe. Unaifungia foili jioni ikiwa kavu machoni, usiku hewa ndani ya mfuko inapoa, unyevu unapanda, na ile betri inawaka tena hadi asubuhi. Mfuko wenyewe ukiwa na sponji iliyowahi kulowa maji ya chumvi, basi umeweka foili ndani ya chumba cha mvuke. Mifuko yangu naisuuza kama ninavyosuuza foili, kisha naianika imegeuzwa ndani nje.

Utaratibu wangu baada ya kutoka majini una hatua chache ambazo sizichanganyi. Kwanza naimwagia foili nzima maji matamu ikiwa bado imefungwa, ili mchanga wa nje usije ukaingia kwenye viungio nitakapovifungua. Kisha nafungua kila kitu. Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi, kwa sababu wanasuuza nje wakaridhika, wakati maji yanayopita juu ya kiungio kilichokazwa hayaingii ndani yake, au yakiingia hayatoki na chumvi. Kiungio kilichobana kiasi cha kuzuia maji matamu kuingia hakijabana kiasi cha kuzuia maji ya bahari, kwa kuwa hayo yamesukumwa ndani kwa shinikizo la mwendo, na mlingoti ukipindapinda mara elfu. Nafungua, natumbukiza skrubu zote kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, nasugua meno yake na ya matundu kwa mswaki wa zamani, halafu napuliza matundu hadi yasiwe na tone. Mlingoti wa alumini una uwazi ndani, kwa hiyo nausimamisha uegemee ukuta, upande mmoja chini, maji yote yatoke. Watu husahau uwazi huo. Nimewahi kuupindua mlingoti wa rafiki uliokuwa umehifadhiwa tangu msimu uliopita ukamwaga maji, na harufu yake ilikuwa ya bahari kabisa.

Kausha kwa kitambaa, kisha acha hewani kivulini. Juani siachi vipande vya kaboni kwa muda mrefu, hasa vyeusi, kwa sababu gundi inayoshika nyuzi hulainika ikipata joto jingi, na bawa lililopinda kidogo tu halirudi kuwa lile la zamani.

Sasa kupaka. Kwa viungio vya stenlesi na alumini natumia Tef-Gel, grisi nzito ambayo mabaharia wa matanga wameizoea tangu zamani kwa milingoti yao. Nimetumia pia grisi ya lanolini, mafuta yatokanayo na manyoya ya kondoo, nayo inashika vizuri na haisombwi na maji upesi. Sioni sababu ya kugombana kuhusu ipi ni bora. Kinachotakiwa ni kitu kizito kinachojaza nafasi kati ya meno, kisichopitisha umeme na kisichooshwa na maji. WD-40, yale mafuta mepesi ya kupuliza, haina sifa hizo. Herufi WD zenyewe, kifupi cha maneno ya Kiingereza “Water Displacement”, zinasema kazi yake ni kufukuza maji, na inaifanya vizuri. Naipuliza kwenye tundu lenye unyevu kisha naifuta. Kuiacha iwe ndiyo kinga ni kuacha tundu bila kinga, maana ni nyepesi mno.

Kuna grisi mbili ambazo nawakataza watu kwa msisitizo, kwa sababu zinauzwa kama dawa ya bolti zisigande na kwenye magari zinafaa kweli. Moja ina unga wa shaba ndani yake, nyingine ina grafiti. Rudia ule mpango wa metali. Shaba inakuja baada ya alumini, grafiti iko mwisho kabisa. Ukipaka grisi hizo kwenye tundu la alumini litakalolowa maji ya bahari, umeleta pale pale kitu ulichokuwa unataka kukiondoa. Mafundi wa ndege hukatazwa hata kuchora mistari kwa penseli kwenye mabati ya alumini, kwa sababu risasi ya penseli ni grafiti. Mtu akinijia na mlingoti wenye alama za penseli za kupimia umbali, nazifuta kwanza ndipo tuzungumze mengine.

Paka kidogo, kwenye meno na pia chini ya kichwa cha skrubu, maana kichwa nacho kinakaa juu ya alumini. Kisha paka utando mwembamba kwenye nyuso zinazokutana, kaboni kwa alumini. Wakati wa kukaza kumbuka kwamba meno yaliyopakwa yanateleza, kwa hiyo nguvu ile ile ya mkono inabana zaidi kuliko ilivyokuwa kwenye meno makavu. Meno ya alumini hayasamehe. Kaza hadi inashika, ongeza kidogo, acha. Zungukia skrubu zote kwa zamu badala ya kumaliza moja moja, ili kipande kikae sawasawa. Baada ya dakika za kwanza majini nairudia, kwa kuwa vipande hujipanga vikipata mzigo na skrubu iliyokuwa imebana ikakutwa imelegea. Foili inayocheza hata kidogo siiachi iendelee siku hiyo. Ule mchezo ndio unaosaga utando wa anodaizi.

Kuhusu stenlesi yenyewe, jina lake, lenye maana ya isiyo na doa, limewapa watu imani kubwa kupita kiasi. Kinachoilinda ni kromiamu iliyomo, angalau asilimia 10.5, ambayo ikikutana na oksijeni hujenga utando mwembamba usioonekana. Kloridi za maji ya bahari huutoboa utando huo. Kwa hiyo skrubu za foili ziwe za daraja la A4, ambalo ni kama stenlesi 316, yenye molibdenamu ya asilimia 2 hadi 3 kuongeza ustahimilivu. Zile za A2 zinafanana nazo kabisa kwa macho, na ndizo zinazojaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Tazama kichwa cha skrubu. Nyingi huwa na maandishi kama A4-70 au A4-80. Nikiletewa foili yenye skrubu zenye michirizi ya rangi ya chai kichwani, kitu cha kwanza ninachotafuta ni maandishi hayo.

Hata A4 ina udhaifu wake, na huu ulinichukua muda kuuamini. Utando wake unahitaji oksijeni ili ujirudishe. Ndani ya ufa mwembamba wenye maji yaliyosimama, oksijeni huisha, utando haujengeki tena, na stenlesi inaanza kulika hapo hapo ilipofichwa. Nimechomoa skrubu iliyokuwa safi kichwani na safi mwishoni, katikati imekonda. Tangu hapo, skrubu yenye kovu lolote kwenye meno naitupa bila kujadiliana na nafsi. Skrubu hubadilishwa, fuselaji ikikatikiwa na skrubu ndani yake ni habari nyingine. Na michirizi ile ya chai usiisugue kwa steli wulu, ile sufi ya nyuzi za chuma. Vijipande vya chuma cha kawaida hubaki vimejichimbia juu ya stenlesi na kushika kutu vyenyewe, kisha unarudi kesho ukiona hali mbaya kuliko jana. Brashi ya nailoni na asidi ya limau iliyoyeyushwa majini inatosha, kisha suuza sana.

Titani haishiki kutu baharini, na ni nyepesi. Wengine huinunua wakidhani shida ya kuganda imekwisha. Lakini kwa alumini, titani ni jirani aliye mbali zaidi katika mpango kuliko stenlesi, kwa hiyo tundu linaendelea kuhitaji grisi vile vile. Na titani ikikazwa ndani ya meno ya titani bila kupakwa, nyuso hushikana zikararuana na kung'ang'ania. Stenlesi kwa stenlesi nayo hufanya hivyo. Dawa ni ile ile: paka, na usikaze kwa kasi ya drili.

Kuna foili niliyoinunua kwa mtu baada ya kutumika, nikiwa najua kabisa kwamba skrubu za bawa la mbele zimegoma. Bei ilizingatia hilo, na nilitaka kuujua ugonjwa huu kwa undani. Niliipeleka kwa fundi mmoja wa boti, mzee aliyetumia maisha yake kufungua vitu vilivyokaa baharini. Aliishika, akachungulia vichwa vya skrubu, akapitisha ukucha kwenye ule unga mweupe.

“Mwanangu, hii haijakazwa. Imeota.”

“Sasa tunaifanyaje, mzee?”

“Tunaipasha, halafu tunaingoja. Ukiivuta kwa hasira itakukatikia.”

Neno lake la kuota ni sahihi kuliko alivyojua. Alumini ikilika hugeuka hidroksidi, ambayo huchukua nafasi kama mara tatu ya ile metali iliyoliwa. Ndani ya tundu hakuna nafasi hiyo, kwa hiyo ule unga hujibana kwenye meno hadi skrubu inashikwa kuliko mkono wowote ulivyoweza kuikaza. Kuongeza nguvu kwenye ufunguo hakuondoi unga. Kunakata kichwa.

Alichofanya kwanza kilikuwa kusafisha kichwa. Mchanga na chumvi vilivyojaa kwenye tundu la ufunguo alivichokoa kwa sindano, akapuliza, akajaribu ufunguo hadi ukazama wote bila kucheza. Skrubu za M6 za foili mara nyingi hupokea ufunguo wa nyota wa T30, na uliochakaa pembe zake unaharibu kichwa kabla ya kutu. Akadondosha mafuta ya kupenya, akaacha usiku mzima. Kesho yake akaweka ncha ya kile chuma cha umeme cha kuyeyushia risasi ya kuunganishia nyaya juu ya kichwa cha skrubu, akakiacha hapo kwa dakika kadhaa, akakiondoa, akaacha ipoe, akarudia. Skrubu ikipashwa peke yake hutanuka na kusaga ule unga, ikipoa hunywea na kuacha ufa ambamo mafuta hupenya. Kwa kipande cha alumini tupu kuna njia nyingine, ya kupasha kipande chote kwa kikausha nywele au maji ya moto. Alumini hutanuka zaidi ya stenlesi, takribani sehemu 23 kwa milioni kwa kila digrii dhidi ya 16, hivyo tundu linapanuka kuliko skrubu. Bawa la kaboni likiwepo karibu njia hiyo haifai, na moto wa wazi haufai kabisa, kwa sababu ya ile gundi niliyoitaja.

Aligonga kichwa kwa nyundo ndogo, mapigo mafupi mengi. Kisha, kabla ya kulegeza, alikaza kidogo. Nilishangaa, lakini ina maana yake: mzunguko mdogo kwenda mbele unavunja mshiko kwa upande ambao meno bado ni mazima. Ikatoa mlio mkali mkavu. Akarudi nyuma kidogo, mbele kidogo, mafuta tena, nyuma. Moja ilichukua asubuhi nzima. Ya mwisho ilikataa, tukaitoboa kwa keekee inayozunguka kinyume, ambayo wakati mwingine huichomoa yenyewe ikiwa inatoboa. Tundu lake likawa limekwisha meno, akalipanua na kuweka kiota cha meno cha waya wa stenlesi, kile cha kuzungushwa ndani. Tulikipaka Tef-Gel nje na ndani, kwa kuwa sasa alumini ina stenlesi ndani yake siku zote.

Mikwaruzo ya anodaizi kwenye foili hiyo niliishughulikia mwenyewe. Niliondoa unga wote mweupe kwa brashi ya nailoni na karatasi laini ya msasa, nikasuuza, nikakausha hadi nikahakikisha, kisha nikapaka epoksi nyembamba kwenye vishimo vikubwa na rangi ya kucha kwenye mistari midogo. Haviko vizuri machoni. Vinazuia maji kugusa alumini, na naviangalia kila mwisho wa msimu kuona kama vimebanduka. Ukipaka juu ya unga bila kuuondoa, umefunga chumvi ndani, na rangi itainuka kama lengelenge.

Wanaopanda kwenye maziwa huniambia hayo hayawahusu. Mvumbuzi wa Italia Enrico Forlanini alipoinua chombo chake chenye foili juu ya Ziwa Maggiore mwaka 1906 alikuwa kwenye maji matamu, na kweli maji matamu hayapitishi umeme vizuri, kwa hiyo mambo huenda polepole zaidi. Polepole siyo kusimama. Foili isiyofunguliwa mwaka mzima ziwani imewahi kunisumbua kama ya baharini. Wenye foili za injini ya umeme wana la ziada: ncha za kuunganishia betri. Hizo husuuzwa, hukaushwa kabisa, na hupakwa grisi ya silikoni kabla ya kuhifadhiwa, na siku yoyote ukiona rangi ya kijani pale usiiunganishe betri hadi uisafishe.

Ikifika miezi ya kupumzika, foili yangu hukaa vipande vipande, skrubu zote nje ya matundu, kila kundi kwenye kikopo chake chenye alama, kwa sababu urefu hutofautiana na skrubu ndefu kwenye tundu fupi hutoboa mahali pasipotakiwa. Nati za shaba nazitoa kwenye mifereji ya ubao na kuisuuza mifereji yenyewe. Skrubu ya kutolea hewa kwenye ubao naiacha imelegezwa, ili joto likipanda hewa isiusukume ubao kutoka ndani.

Na mtu akitaka tuende pamoja kuangalia foili iliyotumika, nakwenda na funguo zangu na taa ndogo. Bawa nitalitazama baadaye. Namwomba mwenye foili ruhusa ya kufungua kila skrubu papo hapo, moja baada ya nyingine, nikimulika kila tundu na kupitisha kidole kwenye uso wa kiungio. Nikikuta grisi ya zamani ndani, hata kama nje kumechakaa, naanza kuzungumza bei. Nikiambiwa kwamba haijawahi kufunguliwa kwa sababu haijawahi kuleta shida, naufunga mfuko wangu na kumshukuru kwa muda wake.